Matairi ya Basi Namba Sita

Kwa siku ya tatu mfululizo Mama Suzana alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, na kwa siku ya tatu mfululizo alikuwa amewahi kuliko askari wa zamu. Matanga ya mumewe yalianuliwa Jumatano. Majirani zake wa Matogoro walisema mjane hatoki nyumbani kabla udongo wa kaburi haujakauka, na walilisema kwa sauti ya kutosha ili alisikie. Alilisikia, akajifunga khanga yake nyeusi, akateremka mjini kwa miguu.

Inspekta Otilia Mapunda alimwona tangu getini, akapunguza mwendo. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye upelelezi. Wezi alikwisha kuwazoea, na waongo aliwapenda kidogo kwa kuwa walimchangamsha akili. Mtu aliyekaa kimya akingoja ukweli ndiye aliyemshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Umekunywa chai?"

"Chai itaningoja. Majibu ya damu yametoka?"

Yalikuwa yametoka jana jioni, na Otilia alikuwa na bahasha mkobani. Akaketi kando ya mama yule, jambo ambalo mkuu wake asingelipenda.

"Yametoka. Hakuwa na pombe. Hata tone."

Mama Suzana akafumba macho, midomo ikatikisika kama anayesali. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Nilikwambia. Aliacha mwaka ule Otto wetu alipopata kipaimara. Aliapa mbele ya padri na mbele yangu, na mimi ndiye aliyeniogopa zaidi. Sasa yule bwana arudi redioni akaseme hivyo hivyo alivyosema kwanza."

Yule bwana alikuwa Victor Gama, meneja wa Kampuni ya Lizombe, iliyopewa kazi ya kuendesha mabasi ya mji. Mabasi tisa, ya kijani, yenye picha ya ngoma ubavuni. Jumamosi iliyopita walizindua njia mpya ya Matogoro kwa maturubai na kwaya. Basi namba sita lilipanda mlima likiwa limejaa wageni, likashangiliwa, likageuza. Wakati wa kushuka breki zikakataa. Likang'oa nguzo, likalala korongoni. Wanakwaya wawili walikufa, na dereva, Fulgence Komba, mume wa Mama Suzana, alikufa akiwa bado ameshika usukani. Siku ya pili yake Bwana Gama alisema redioni kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha dereva alikuwa amelewa. Huo uchunguzi wa awali ulikuwa wake mwenyewe, na aliufanya bila kuinuka kitini.

"Wale mama wawili wa kwaya," Mama Suzana alisema, "wote jirani zangu. Nilikwenda kuwapa pole watu wao. Nikafungiwa mlango. Mimi! Afande, Fuli amekwenda, harudi. Ila asilale kaburini na jina lisilo lake. Kitafute kilichomuua. Na ukikipata, hata kiwe kibaya namna gani, uniambie wewe kwa mdomo wako. Nisije nikakisikia sokoni."

"Nitakwambia mwenyewe, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

Mama Suzana akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Ilikuwa mikono ya kazi, maana alikuwa mfanya usafi katika karakana ile ile ya mabasi. Mumewe anaendesha, yeye anafagia. Kwenye mizizi ya kucha kulikuwa na weusi ulioganda. Masufuria ya msiba, Otilia aliwaza. Watu mia mbili wakila siku nne, masizi hayatoki kwa sabuni moja.

*

Karakana ilikuwa Ruhuwiko. Ofisi ya meneja ilikuwa na ramani ya Songea iliyofunika ukuta mzima, njia za mabasi zimechorwa kwa kalamu za rangi: Lizaboni nyekundu, Mshangano bluu, Bombambili manjano. Njia ya Matogoro ilikuwa ya kijani, na kutoka hapo mistari ya nukta ilitambaa, mmoja kwenda Peramiho, na mwingine hadi Namtumbo. Bwana Gama alikuwa mtu wa suti na manukato, na alimkaribisha Otilia kwa uchangamfu wa muuza viwanja.

"Inspekta, nisaidie kulimaliza hili. Awamu ya pili inangoja. Mabasi ishirini! Mama mjamzito wa Matogoro hatapanda tena bodaboda kwenda kujifungua. Unaona hasara ya kuchelewa?"

"Naiona. Marehemu hakuwa amelewa."

Uchangamfu ukapungua kidogo. "Basi alikuwa na jambo lingine kichwani. Muulize mlinzi. Asubuhi ile alikuwa anaongea na matairi. Anacheka peke yake, anaongea na matairi! Mtu mzima wa miaka hamsini na tano!"

"Breki zilikaguliwa lini?"

Akasukuma fomu mezani kama aliyekuwa anaingoja hiyo zamu. Basi namba sita, breki nzima. Sahihi ya fundi mkuu, Remigi Ndunguru. Tarehe ya Ijumaa, siku moja kabla ya ajali, saa mbili asubuhi.

"Na baada ya saa mbili?"

"Baada ya saa mbili lilikuwa uani, limepumzika. Ila..." Akainama mbele, akapunguza sauti. "Dastan, mwenyekiti wa bajaji. Alisema mbele za watu kwamba basi letu halitamaliza mwezi Matogoro. Na Ijumaa jioni alionekana humu uani. Mimi simtuhumu mtu, Inspekta. Nakupa tu kuni. Moto utauwasha mwenyewe."

Otilia alitoka na kuni zake. Getini alimkuta mlinzi, Abasi, mzee mkavu mwenye kofia ya kufuma, na akampa heshima yake kwanza.

"Shikamoo, mzee. Hili la kuongea na matairi likoje?"

"Marahaba. Ni la kweli, lakini linasimuliwa vibaya," Abasi alisema. "Fulgence alikuwa na kawaida yake. Kabla hajapanda analizunguka gari lote, anatazama kila tairi, analipiga teke dogo. Madereva wote hapa hufanya hivyo, ila wengine wanatazama wakiwa wanachati. Yeye alikuwa anatazama kwa macho. Jumamosi akazunguka. Alipofika nyuma upande wake wa dereva, akasimama, akacheka. Akasema, 'Leo hata gari limevaa viatu.' Basi. Akapanda."

"Alikuwa kama mlevi?"

"Mlevi, afande, halizunguki gari. Mlevi anapanda tu."

*

Dastan alipatikana kijiweni, karibu na stendi, akibishana kuhusu mpira. Alipoona Otilia amekuja na askari alipoteza sauti katikati ya neno. Otilia akamsogeza pembeni, nyuma ya kibanda cha chipsi.

"Ijumaa jioni ulikuwa karakana ya Lizombe. Ulifuata nini?"

"Matembezi."

"Hadi Ruhuwiko? Mwenye bajaji anatembea kwa miguu?"

Dastan akatazama huku na huku. Jasho likamtoka. "Afande, nakuomba. Nitasema, lakini hawa wasijue. Mimi ni mwenyekiti wao. Nimewaambia tusimame kidete, tusikubali mabasi."

"Sema."

"Nilipeleka barua. Ya kuomba kazi ya udereva. Wana mshahara wa mwezi, afande. Na bima ya watoto. Leseni ninayo. Mzee Abasi ndiye aliyeipokea, muulize."

Otilia alimpigia Abasi pale pale. Barua ilikuwepo, bado kwenye droo ya mlinzi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na imepigwa mhuri wa mtendaji wa mtaa. Dastan hakuvuka geti. Kuni za Bwana Gama zilikuwa mbichi.

*

Mabaki ya basi namba sita yalikuwa nyuma ya kituo, yamefunikwa turubai. Koplo Abuu, mkaguzi wa magari, kijana wa Tunduru aliyelelewa gereji na baba yake, alikuwa amelala chini ya gari tangu saa nne. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Afande, njoo uone maajabu," miguu ilisema.

Otilia akapiga magoti kwenye changarawe. Abuu akamulika tochi nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia.

"Hapa panatakiwa pawe na chemba ya breki. Kile kidude cha duara kinachopokea upepo na kusukuma breki. Hakipo."

"Kimeng'oka kwenye ajali?"

"Kingeng'oka kingeacha jeraha. Nati zimefunguliwa kwa spana. Na tazama bomba la upepo: limekunjwa, likafungwa kwa mpira na waya, mara tatu, mikia imekatwa sawasawa. Mwenye nia ya kuua anakata akimbie. Huyu alifunga ili upepo usivuje, magurudumu mengine yabaki na breki. Hii ni kazi ya fundi, tena fundi mstaarabu."

"Basi linaweza kutembea hivyo?"

"Uani, ndiyo. Barabara tambarare bila watu, ndiyo. Kushuka Matogoro na watu sitini?" Abuu akachomoka chini ya gari, akajifuta uso kwa kiwiko. "Zile zilizobaki zinabeba mzigo wote. Zinapata moto, zinachoka. Unakanyaga, hakuna kitu. Innalillahi. Atakuwa alikanyaga hadi mguu ukavunjika, na kweli ripoti ya daktari inasema mguu wa kulia ulivunjika."

Otilia alikuwa ameegemea tairi ili ainuke, na kiganja chake kilikuwa kimekuwa cheusi. Si weusi wa lami wala wa grisi. Akanusa. Ilikuwa harufu aliyoijua tangu gwaride la chuo cha polisi: kiwi. Dawa ya viatu.

"Nipe kitambaa na petroli kidogo."

Akasugua ubavu wa tairi polepole. Weusi ukatoka, na chini yake, kwenye mifereji ya mpira, ukaonekana weupe. Mstari mmoja wa mshazari, halafu wa pili ukiukata. Msalaba wa chaki, mpana kama sahani, umefutwafutwa halafu ukafunikwa.

Abuu akapiga mluzi. "Mtu ameficha kitu."

*

Fundi Remigi hakuwa amefika kazini tangu ajali. Hakwenda msibani pia, na hilo ndilo lililomkaa Otilia rohoni, maana Remigi ndiye aliyemsimamia Otto, mtoto wa marehemu, siku ya ubatizo. Walimkuta kwake Msamala, amekaa kwenye gunia uani, anapukuchua mahindi. Rundo la mahindi lilikuwa kubwa na magunzi mawili tu ndiyo yaliyokuwa chini.

"Shikamoo, mzee Remigi."

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Nimechelewa kufa tu."

Otilia akavuta kigoda. Abuu akafungua daftari.

"Chemba ya breki ya basi namba sita iko wapi?"

"Kwenye basi namba mbili."

Alilijibu moja kwa moja, kama mtu anayetua mzigo, na Otilia akamwacha aendelee bila kumkatisha.

"Ijumaa saa sita mchana, meneja ananiita. Namba mbili inatakiwa ikachukue wageni wa uzinduzi Namtumbo, na chemba yake imepasuka. Stoo hakuna. Stoo haijawahi kuwa na kitu tangu tulipoanza. Awamu ya pili wanaitafuta, awamu ya kwanza inaazimana vipuri. Akasema, toa kwenye sita, kesho sita haitoki, itakayopanda Matogoro ni namba nne. Nikatoa, nikafunga bomba, nikaweka alama. Nikaondoka na namba mbili kwenda Namtumbo mimi mwenyewe, maana sikuiamini. Ikanisumbua, nikalala huko huko."

"Alama gani?"

"Msalaba wa chaki, kwenye tairi lile lile lisilo na breki. Fomu zao hazisomwi na mtu. Dereva hasomi fomu, dereva anatazama tairi. Nilianza mimi na Fuli, miaka ishirini iliyopita, kwenye malori ya tumbaku. Ukiona msalaba, gari halivuki geti. Kila dereva wa pale anajua."

"Na meneja?"

Remigi akachomoa simu ya kioo kilichopasuka, akagusa mara mbili. Sauti yake mwenyewe ikatoka, nyuma yake ngurumo ya injini: "Bosi, sita nimeshatoa chemba ya nyuma kulia, alama nimeweka. Isitoke hiyo mpaka nirudi." Ijumaa, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Kando ya ujumbe kulikuwa na alama ya bluu. Mpokeaji alikuwa ameusikiliza saa kumi na moja na dakika tisa.

Otilia na Abuu walitazamana. Usiku ule ule namba nne iligoma kuwaka, na Bwana Gama akampigia Fulgence simu kwamba kesho utapanda na sita, gari lako. Hilo Abasi alikuwa amekwisha kulisema, bila kujua uzito wake.

"Mzee," Otilia alisema, "wiki nzima mwenzio anaitwa mlevi. Ujumbe huu uko mfukoni mwako. Kwa nini ulinyamaza?"

Uso wa Remigi ukakunjamana. Alilia bila aibu, gunzi likiwa bado mkononi.

"Kwa sababu Fuli alitazama! Alitazama siku zote! Nikasema, ameuona msalaba, akaupuuza kwa ajili ya sherehe, kwa ajili ya kupita mbele ya nyumba yake na basi. Ningesema kuna alama, watu wangesema aliiona akawaua makusudi. Bora mlevi. Mlevi wanamwombea misa. Yelewi, Fuli! Nilimkasirikia, afande. Nilimkasirikia hadi nikashindwa kumzika."

"Hakuuona, mzee. Ulikuwa umefunikwa."

Remigi akamtazama kana kwamba hakusikia sawasawa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani angefanya hivyo, na Otilia akasema hajui. Siku nzima ile, huo ndio uongo pekee aliousema, na wakati anausema alikuwa bado anatamani uwe kweli.

*

Garini Abuu alikuwa moto. "Afande, imekaa. Gama anasikia ujumbe, anaona msalaba, anapaka kiwi dereva asiuone. Hilo si kosa la uzembe tena. Hayo ni mauaji."

"Ulikagua matairi mengine?"

"Bado."

"Niliyakagua mimi. Yote sita yamepakwa. Mbele, nyuma, hata ya ndani yale ambayo hakuna mtu anayeyaona." Otilia alikuwa anatazama mbele, barabara ikija. "Anayeficha anapaka moja, tena haraka. Aliyepaka yote sita, mpaka ya ndani, alikuwa anapamba."

Abuu akapunguza mwendo.

"Kiwi ya viatu," Otilia aliendelea, polepole, kama anayepanda ngazi ambayo hataki kufika juu yake. "Si dawa ya matairi. Dereva akaona, akacheka. Hakuuliza nani kafanya. Akasema leo hata gari limevaa viatu. Alijua ni mkono wa nani, Abuu. Mkono uliokuwa unampakia kiwi viatu vyake kila asubuhi."

Alikumbuka tena zile kucha za asubuhi, pale benchini. Hayakuwa masizi ya masufuria.

Mzee Abasi alipopigiwa simu alithibitisha bila kusita. Mama Suzana aliingia Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mapema kuliko kawaida, na kopo la kiwi na mswaki wa viatu ndani ya ndoo. Alikuwa anaimba. Abasi alimwambia, mama, wewe kazi yako ni ndani ya basi. Akamjibu, leo mume wangu anapanda nalo nyumbani kwetu, acha nilivalishe.

Abuu akasema, bila kumtazama, "Faili linasimama bila hilo. Ujumbe wa sauti unatosha kumfunga Gama. Kiwi tunaweza kuiacha."

"Wakili wa Gama ataiacha?"

Abuu akabadilisha gia.

"Swali lake la kwanza litakuwa hilo. Alama ilikwenda wapi? Mama Suzana atalisikia mahakamani, mbele ya zile familia mbili. Na mimi nilimwahidi."

Bwana Gama alikamatwa saa tisa, chini ya ramani yake. Alisikilizishwa ujumbe mara moja. Akasema ilikuwa safari moja tu, kupanda na kushuka, na wageni walikuwa wamekwisha kufika. Alipoulizwa kama hayo ndiyo maelezo yake, akaomba maji.

*

Nyumba ya Fulgence Komba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, kando ya barabara mpya, hatua thelathini kutoka kibao cha kituo cha basi ambapo hakuna basi lililosimama tena. Mlima ulikuwa nyuma yake, kijani na kimya. Mama Suzana alikuwa kizingitini na mdogo wake, Anjelika, wanachambua maharage. Kando ya mlango kulikuwa na jozi ya viatu vya kiume, vyeusi, vinang'aa. Alikuwa bado anavipaka.

Otilia alianza na jema. Alisema mume wake hakulewa, hakuzembea. Kifaa cha breki kilitolewa kwa amri ya meneja, meneja aliambiwa gari lisitoke, akalitoa. Sasa yuko mahabusu, na Jumatatu kituo kitatoa taarifa kwa redio ile ile.

Mama Suzana akainuka, maharage yakamwagika. Akapiga kigelegele kimoja, cha ajabu, kilichokatikia kilio. "Anjelika! Umesikia? Nenda kwa Mama Benigna, nenda kwa wote walionifungia milango, waambie waje wasikie! Fuli wangu! Asante, mwanangu. Asante. Mungu akuzidishie."

"Mama, kaa kwanza. Sijamaliza."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti ya Otilia. Mama Suzana akakaa. Anjelika, aliyekuwa amekwisha kufika uani, akasimama pale pale.

"Fundi Remigi alipotoa kile kifaa aliweka alama, ili dereva asilitoe gari. Ni alama yao, ya mafundi na madereva. Watu wengine wa karakana hawaijui."

"Sasa mbona Fuli hakuiona? Yeye alikuwa anatazama. Hata baiskeli ya Otto alikuwa anaizunguka kabla hajaipanda."

"Alitazama. Mlinzi alimwona. Alama haikuonekana."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye tairi. Msalaba wa chaki."

Mama Suzana alikuwa na punje ya maharage kati ya vidole. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Tairi lipi?"

"La nyuma. Kulia."

Punje ikamponyoka.

"Nilianza na hilo," Mama Suzana alisema. "Lilikuwa upande wake. Nikasema nianze na upande wake, akija ndilo alione kwanza." Akavitazama vidole vyake. "Ilikuwepo chaki. Niliiona. Nikasema, watu hawa wachafu, siku kama ya leo wamechezea chaki gari la mume wangu. Nikatema mate kwenye kitambaa, nikaisugua."

"Mama, hukujua. Hakuna aliyekwambia."

"Nani angeniambia mimi wa ndoo?"

Anjelika alikuja akapiga magoti, akamkumbatia dada yake, naye akajiachia bila kulia, mzito kama gunia. Otilia aliinama, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika.

Baada ya muda Mama Suzana akauliza, "Aliliona linang'aa?"

"Aliliona."

"Alisemaje?"

"Alicheka. Akasema leo hata gari limevaa viatu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa kuinama hadi paji la uso likagusa viatu vile kando ya mlango, na Anjelika akawa anamshika mgongo.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia mlima aliponyamaza. Alijifuta kwa khanga, akaingia ndani. Walimsikia akivuta droo. Akatoka na kopo la kiwi, bapa, limebaki chini kabisa, na mswaki wenye nywele zilizochakaa upande mmoja.

"Hivi mnaviweka kwenye kesi?"

"Ndiyo, mama. Vielelezo."

"Wale mama wawili wa kwaya. Watu wao watajua ni mimi?"

"Watajua. Watajua pia ni nani aliyelitoa gari."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei ya kitu ambacho lazima akinunue. "Toa daftari lako, mwanangu. Jina langu lote ni Suzana Kapinga. Andika nilichofanya chote, usipunguze. Lakini kabla ya hilo andika kwamba aliangalia. Alizunguka, akaangalia matairi yote. Anza na hilo."

Otilia alilipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka kando. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaanza na hilo.